Ujumbe wa Mzee Niliounyamazia

Msimamizi mmoja wa saiti alipoteza kazi kwa kosa langu. Nilikuwamo kwenye kikao kilichomhukumu, nilikuwa na ushahidi wa kumwokoa ndani ya simu yangu, na sikufungua mdomo. Naandika haya kwa sababu wapo wenzangu katika ujenzi ambao sasa wamekabidhiwa kazi niliyokabidhiwa mimi, ya kuingiza mifumo ya kidijitali kwenye kampuni, na wanaweza kumwumiza mtu kwa njia ile ile.

Kampuni yetu ya ukandarasi ilikuwa inajenga ghorofa Dar es Salaam. Mimi ni mhandisi, na uongozi ulinipa kitengo cha mifumo ili niondoe makaratasi. Nilianza na daftari la saiti. Lilikuwa limechakaa na kujaa madoa ya saruji, lakini ndani yake mlikuwa na kila kitu: nondo zilizoingia, mafundi waliofika, mvua iliyonyesha, majibu ya maabara yaliyobandikwa kwa gundi. Nililionea aibu. Nikalifuta, nikagawa vishikwambi vyenye fomu fupi: zege limemwagwa wapi, kiasi gani, piga picha, tuma. Ukishatuma, sehemu hiyo ya jengo inageuka kijani kwenye skrini ya mkurugenzi. Wanunuzi wa nyumba walioneshwa skrini hiyo wakafurahi, nami nikasifiwa.

Lakini kazi ya zege haiishi siku linapomwagwa. Nguvu yake hutegemea uwiano wa maji na saruji. Ukizidisha maji linamwagika kirahisi, ila likishakauka linakuwa dhaifu. Ndiyo maana huchukuliwa sampuli na kupelekwa maabara, zikavunjwa kwa mashine, kwa kawaida baada ya siku 7 na siku 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kuhimili nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba likifika siku 28. Katika siku 7 huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu hiyo. Hayo niliyajua tangu chuoni. Hata hivyo, sikuweka nafasi ya majibu ya maabara kwenye fomu, kwa sababu yangechelewesha kijani.

Siku moja ya kumwaga nguzo, gari la zege lilikwama kwenye foleni jua likiwaka. Lilipofika, zege lilikuwa limeanza kukaza, na dereva akaongeza maji. Msimamizi, mzee aliyesimamia saiti tangu mimi niko shule, akanitumia ujumbe: “Injinia, zege la gari la pili limeongezwa maji. Nimekataa lakini limeshamwagwa. Hili naliandika wapi?” Nikamjibu: “Mzee wangu, jaza nafasi zilizopo, mengine tutayaweka kwenye toleo lijalo.” Akajaza. Kijani kikawaka.

Majibu ya siku 7 yalitoka yakiwa ya chini, yakabaki ofisi kuu ndani ya bahasha. Zamani mzee ndiye aliyeyafuata ili ayabandike kwenye daftari lake. Daftari nilikuwa nimeshalifuta. Tukaendelea kupanda juu ya nguzo dhaifu mpaka mhandisi mshauri alipodai majibu ya siku 28. Kazi ikasimamishwa, nguzo zikatobolewa kupimwa, ghorofa ikashikizwa kwa vyuma, nguzo zikavunjwa na kujengwa upya. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Katika jiji hili hili, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Siwezi kujitetea kwamba sikujua zege baya hufanya nini.

Kikaoni waliuliza kwa nini msimamizi hakutoa taarifa. Mfumo wangu ulionesha hakutoa. Yeye alisema alitoa, lakini hakunitaja, nadhani akisubiri nijitaje mwenyewe. Nilinyamaza kulinda cheo na sifa za mfumo wangu. Akaondolewa.

Baadaye nilimpelekea mkurugenzi ujumbe ule, nikaandika barua kwa jina langu kueleza kwamba mzee alitoa taarifa na mimi ndiye niliyeizima. Kampuni ikamwita arudi. Alikataa, na hakudaiwa sababu. Nilimfuata kwake kumwomba radhi; alinipokea kwa heshima, akanisikiliza, lakini hakuniambia kwamba yameisha. Sina haki ya kumdai neno hilo.

Fomu tumeibadilisha, na safari hii wasimamizi ndio walioipanga. Kijani hakiwaki mpaka majibu ya maabara yaingie. Msimamizi akiandika neno la shaka kwa maneno yake mwenyewe, kazi inayofuata inajifunga mpaka mhandisi ajibu na kuweka jina lake. Imepunguza kasi yetu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wewe unayeongoza kazi hii mahali pengine, kabla ya kufuta daftari la mtu, muulize ndani yake anaandika nini ambacho fomu yako haina. Mfumo ukikosa mahali pa kupokea habari mbaya, si kwamba habari hiyo haipo. Wewe ndiye umeamua isisikike. Na siku itakapodhihirika, jitaje kabla mwingine hajabebeshwa.