Wapagazi wa Udongo

Yako mambo ambayo mtu mzima akiyafanya nyumbani kwake baada ya saa za kazi, majirani humdhania kuwa amerudia utoto. Mimi hufinyanga watu wa udongo wenye kimo cha sentimita 5, nikawapanga juu ya ubao pamoja na miti, mito na mabonde, hata yakawa mandhari ya vita. Sababu za kufanya hivyo, na manufaa niliyoyaona katika jamaa yangu, ndizo habari ninazotaka kuzisimulia leo.

Vita nilivyovichagua ni vile vya mwaka 1914 hadi 1918, vilivyopiganwa Afrika Mashariki baina ya Waingereza na wenzao kwa upande mmoja, na Wajerumani kwa upande wa pili. Sisi wa Uganda vilitugusa tangu mwanzo, kwani mpaka wetu wa kusini ulipakana na koloni la Wajerumani, na batalioni ya nne ya King's African Rifles, ambayo wazee waliiita Keya, ilikuwa ya Uganda. Mwaka 1914 Keya ilikuwa na batalioni 3 tu. Vita vilipokwisha mwaka 1918 zilikuwa 22.

Wengi wapendao kazi hii ya sanamu huchagua mapigano ya Tanga ya mwezi wa Novemba 1914. Humo Waingereza waliteremsha pwani askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, nao wakarudishwa nyuma na jeshi la von Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000. Hata nyuki walitoka mizingani wakawauma askari wa pande zote mbili. Hayo ni mandhari ya kupendeza macho. Mimi nilichagua njia ya porini kuelekea bonde la Rufiji, mapema mwaka 1917, wakati mvua zilipozidi kiasi. Katika ubao wangu wamo askari 12 na wapagazi 36. Hakuna hata mmoja anayefyatua risasi.

Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 10, alinung'unika sana alipoiona hesabu hiyo. Alitaka mizinga. Nami, kwa kuwa nilipata cheti cha ualimu kabla ya kuingia utumishi wa serikali, nilimpa kalamu na karatasi badala ya jibu. Nilimwambia hivi: Ndorobo waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, na barabara za magari zilikuwa chache, basi chakula kikabebwa vichwani. Tuseme mpagazi amejitwika kilo 25 za unga, naye mwenyewe hula kilo 1 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, atawafikishia askari kilo ngapi? Mtoto alipiga hesabu, akafuta, akapiga tena, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kilo 5, baba." Nikamwuliza, na kama njia ni ya siku 12 kwenda na siku 12 kurudi? Akaona mwenyewe kuwa inabaki kilo 1. Tangu siku ile hakuuliza tena kwa nini wapagazi ni wengi kuliko askari. Aliniuliza jambo zito zaidi: kama walipunguziwa chakula ili mzigo usipungue. Nilimjibu kuwa naam, mara nyingi walikula kidogo, tena unga wa mahindi usioiva vizuri, na kuhara damu kukawamaliza wengi.

Waandishi wa historia hukadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni 1 kutoka nchi mbalimbali, na kwamba waliokufa walikaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi chao, Carrier Corps. Sanamu ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ni ya askari mmoja mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwani haihitaji fedha nyingi. Kila mtu huanza na mifupa ya waya mwembamba, kisha huvikwa udongo wa mfinyanzi uliochujwa mawe. Sanamu zikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Zikiwekwa juani hupasuka shingoni. Bunduki huchongwa kwa njiti za kiberiti. Vilima ni magazeti makuukuu yaliyolowekwa katika uji wa muhogo, na ardhi ni maganda ya kahawa yaliyotwangwa na kumwagwa juu ya gundi. Moshi wa moto wa kambi ni usufi uliochambuliwa. Mke wangu ndiye aliyeshona mizigo kwa vitambaa vya magunia, akasema kwa mzaha kwamba wahenga walikwisha sema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jirani yetu, sajini katika jeshi, alikuja kutazama akanionyesha namna ya kuwapanga. Alisema askari wasikusanyike mbele peke yao. Wawepo pia nyuma na ubavuni, na wapagazi katikati, kwani adui akitaka kulidhoofisha jeshi hushambulia chakula chake kwanza. Akasimama kimya kitambo, kisha akasema kuwa katika miaka yake yote ya utumishi hakuna aliyemfundisha habari za watu hawa.

Jambo lililonipa taabu lilikuwa la ukoo wetu. Babu yake baba alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo, wala hakurudi. Hatuna kaburi lake, wala hatujui alianguka wapi. Nilikusudia kumfinyanga akiwa mmoja wa wale watatu waliolala kando ya njia. Shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, aliposikia alikasirika. "Mwanangu," alisema, "mtu ambaye hatukumzika, wewe unamlaza chini kwa mkono wako?" Tulizungumza jioni nzima. Nilimweleza kwamba tusipomweka mahali popote, watoto hawa watakua bila kujua kuwa aliishi. Mwisho alikubali kwa masharti mawili: asipewe alama wala jina, na awe miongoni mwa wanaotembea.

Nimeyatii masharti hayo. Naye yumo katika msafara, na hata mimi sijui ni yupi. Shangazi anapokuja kututembelea huanza mbele ya mstari, akatazama kila sura hadi nyuma, halafu huwasimulia wajukuu yale aliyoyasikia kwa mama yake. Habari hizo sikuzijua mpaka ubao ulipokuwa mezani, na mwanangu huziandika katika daftari lake la shule.

Kwa hiyo wasomaji, hasa ninyi mlio katika kambi za jeshi na za polisi, ambako watoto huziona bunduki kila siku, nawashauri mjaribu kazi hii wakati wa likizo za shule. Anzeni na ubao mmoja na watu wachache. Kabla ya kufinyanga askari wa kwanza, waulizeni wazee wenu ni nani katika ukoo aliyebeba mizigo, na mwachieni nafasi.