Picha Mbili za Jinja

Nina picha mbili za mahali pamoja: ukingo wa mji wa Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Ya kwanza ni ya zamani, haina rangi. Maji yaporomoka juu ya miamba na kutoa povu jeupe, na wavuvi wamesimama na fito zao. Hayo ndiyo maporomoko aliyoyaona Speke mwaka 1862 akayaita Ripon. Ya pili ni ya siku hizi. Maji ni mapana, yametulia kama yaliyomo mtungini, na ukingoni pana sanamu ya Mahatma Gandhi.

Nakiri kosa langu. Kwa miaka miwili niliwafundisha wanafunzi wangu hapa Sotik kwamba maporomoko yale yapo, kwa kuwa kitabu nilichosomea kilisema hivyo. Kumbe bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilipandisha maji yakaifunika miamba.

Nilipozileta picha darasani ili nijisahihishe, niliwaeleza pia habari ya sanamu. Gandhi aliuawa mwaka 1948, na mwaka uo huo sehemu ya majivu yake ilitiwa katika mto huu, kama Wahindu wafanyavyo katika Mto Ganga huko Varanasi. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1997. Msichana mmoja akasimama. "Mwalimu, majivu yalitiwa katika mto wa picha ipi?"

Wa picha ya kwanza, bila shaka. Aendaye leo kutoa heshima zake husimama mbele ya maji yasiyofanana na yale. Varanasi si hivyo: ngazi za mawe zishukazo mtoni zatambulikana katika picha za karne ya 19 na za leo, hata mtu aweza kuzilinganisha ngazi kwa ngazi. Jinja miamba imezama. Nilimwambia msichana yule kwamba majivu hayakupewa miamba, yalipewa maji. Hakuridhika. "Na maji nayo yamekwisha kwenda," akasema, na darasa zima likacheka, isipokuwa yeye.

Jumamosi tulishuka hadi Mto Kipsonoi. Maji yake huingia katika Mto Sondu, na Sondu humwagika ziwani, nalo ziwa hutokea Jinja. Usiku mvua ilikuwa imenyesha katika mashamba ya chai, na mto ulikuwa mwekundu. Niliupiga picha, na msichana yule akaandika tarehe nyuma yake.