Mifuko Minne ya Saruji

Zege halina haraka. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilojifunza kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi, mwaka wa pili wa chuo. Unalichanganya, unalijaza kwenye kibati chenye umbo la koni, urefu milimita 300, kwa matabaka matatu, kila tabaka ukilishindilia mara 25 kwa fimbo ya chuma. Unainua koni taratibu na kupima zege limeporomoka kiasi gani. Lingine unalimimina kwenye maboksi ya chuma ya milimita 150 kila upande. Kesho yake unavitoa vipande, unavizamisha majini, unaondoka. Siku ya 7 unavunja vichache. Siku ya 28 unavunja vilivyobaki.

Tuliviita kyubu. Kyubu moja ina uzito wa kama kilo nane, unaibeba kwa mikono miwili. Zege likiandikwa C25, maana yake kila milimita moja ya mraba inatakiwa kubeba newton 25. Zidisha kwa uso wa kyubu na utapata zaidi ya kilonewton 560, yaani mzigo wa tani 57 hivi. Fikiria Fuso kadhaa zilizojaa ndizi zimepandishwa juu ya kitu ulichokibeba kwa mikono. Siku ya kuvunja kyubu darasa zima lilijazana mbele ya mashine. Fundi sanifu wa maabara alikuwa akituambia tusikilize, tusitazame tu, kwa kuwa zege hulia kidogo kabla ya kuachia.

Niliipenda maabara ile. Lakini ilifika mwaka wa tatu nikagundua kwamba hatujawahi kuvunja hata kitu kimoja kinachofanana na nyumba niliyokulia.

Kwetu ni Nyakatuntu, wilaya ya Kyerwa, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Nyumba nyingi nilizozijua utotoni zilijengwa kwa njia moja. Udongo unachimbwa bondeni, unakanyagwa, unafyatuliwa, unaanikwa. Matofali yanapangwa kuwa tanuru, kuni zinaingizwa chini, tanuru linakandikwa udongo nje na kuachwa liwake. Yakishaiva, ukuta unapandishwa kwa udongo uleule ukiwa mbichi, maana saruji husafiri njia ndefu kufika huku na bei yake husafiri nayo. Juu wanaweka kenchi na bati. Saruji kidogo inayopatikana hupelekwa panapoonekana, yaani sakafuni na kwenye lipu ya mbele.

Mjomba wangu ni fundi wa nyumba hizo. Hana cheti, ila ana vipimo. Anachukua matofali mawili na kuyagonganisha. Yakitoa mlio mkali, yameiva, na yakitoa mlio wa kufa anayatupa pembeni. Anakwaruza kwa msumari. Analaza tofali kwenye ndoo ya maji usiku kucha na asubuhi anatazama kama limeanza kulegea. Nilipofundishwa chuoni kipimo cha tofali kunywa maji, kwamba unalikausha, unalipima uzito, unalizamisha kwa saa 24 na kulipima tena, nilicheka peke yangu. Mjomba alikosa mizani tu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi. Watu wasiopungua 17 walifariki, na nyumba kwa maelfu zilianguka au kupasuka. Bukoba ndiyo iliyoumia zaidi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Kwetu hakufa mtu, ila nyumba ya bibi ilipasuka kwenye kona, ufa unaopitisha mkono, kutoka juu ya dirisha hadi chini. Yeye alikuwa shambani. Kwa miaka aliuziba kwa udongo, na kila masika ufa ukarudi.

Nilipopita kutazama nyumba zilizoanguka, jambo moja lilinikaa akilini hadi chuoni. Matofali mengi yalikuwa mazima. Ungeweza kuyaokota na kujenga tena, na watu walifanya hivyo. Kilichoachia kilikuwa udongo wa katikati, na kuta zilikuwa zimetengana kwenye kona kama watu waliogombana, kila mmoja akiangukia upande wake. Nyumba za zamani za miti na udongo, ambazo tulifundishwa kuzionea aibu, zingine zilibaki zimesimama huku zimepinda. Zilikuwa nyepesi, na miti yake ilikuwa imefungwa pamoja.

Mwaka wa mwisho ulipofika tulitakiwa kuchagua mradi wa utafiti. Wenzangu wengi walichagua zege, wakaweka majivu ya pumba za mpunga mahali pa sehemu ya saruji, au vipande vya matairi mahali pa kokoto. Mimi niliandika matofali ya kuchoma ya Nyakatuntu. Mhadhiri mmoja aliisoma na kuniuliza, bila ubaya, "Unataka kupima kitu ambacho hakina kiwango?" Nilimjibu kwamba ndicho watu wanacholalia chini yake. Alitazama karatasi muda mrefu, kisha akaweka saini.

Elimu yetu ya uhandisi ni changa. Kabla ya Kitivo cha Uhandisi kufunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, aliyetaka shahada hiyo hapa Afrika Mashariki alikwenda Nairobi. Dar es Salaam ilipewa sheria, Makerere ilikuwa na udaktari. Tulirithi vitabu pamoja na mashine, na vitabu vile viliandikwa kwa ajili ya nchi ambazo saruji iko dukani mtaa wa pili. Lakini Kagera yenyewe iliwahi kuwa maabara. Miaka ya 1970 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuru tena na kuyeyusha mbele yao. Waligundua kwamba mabomba ya udongo yaliingizwa ndani ya tanuru, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Vipimo vilikuwa vya watafiti, ila ujuzi ulikuwa wa wazee. Nilipoisoma habari hiyo nilimpigia mjomba simu.

Nilimwomba afyatue matofali madogo, nusu ya kipimo kila upande, kwa udongo wa bonde lilelile, ayachome kwenye tanuru lilelile. Alichonga kibao kidogo, akafyatua mamia. Yalisafiri na basi siku mbili yakiwa kwenye viroba. Konda alinyanyua kimoja, akauliza, "Dada, humu kuna nini, dhahabu?" Nikamwambia ni matofali. Akanitoza mara mbili, kwa sababu ya uzito au kwa sababu ya mshangao.

Chuo hakikuwa na meza ya kutikisa, ile inayoiga tetemeko. Njia ya maskini ipo, na ni ya heshima. Unajenga chumba kidogo juu ya jukwaa la chuma, kisha unaliinamisha jukwaa polepole. Kadiri linavyoinama, uzito wa ukuta wenyewe unausukuma pembeni. Ukifika nyuzi 20, msukumo wa pembeni ni karibu theluthi moja ya uzito wa ukuta. Peru, baada ya tetemeko kubwa la 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Lima waliinamisha nyumba nzima za matofali mabichi kwa njia hiyo, wakitafuta jinsi ya kuziimarisha kwa matete na vitu ambavyo mwanakijiji anavyo. Mimi nilikuwa na jeki ya gari.

Nilijenga vyumba vitatu. Cha kwanza kilijengwa kwa udongo mtupu, kama kwetu. Cha pili nilikijenga kwa mota ya saruji kutoka chini hadi juu. Cha tatu ni udongo mtupu tena, ila juu ya kuta nilizungusha linta, mkanda mwembamba wa zege wenye waya ndani yake, usiokatika kwenye kona.

Chumba cha udongo kilifanya nilichokiona 2016. Kona ilifunguka kwanza, kisha ukuta wa upande wa chini ukajimenya na kwenda. Cha saruji kilivumilia zaidi, kimya, kisha kikaachia kwa mara moja, bila onyo. Cha tatu kilipasuka mapema na kupasuka kwingi, nyufa huku na huku, lakini kuta hazikutengana. Nilizungusha jeki hadi mkono ukachoka. Kilisimama kimechakaa, kama mtu aliyepigwa lakini hajaanguka.

Ni haki kusema kipimo hicho kina mipaka. Ukuta mdogo ni jasiri kuliko mkubwa, kwa sababu uzito hupungua haraka kuliko nguvu unapopunguza vipimo. Kwa hiyo huwezi kusema nyumba halisi itahimili nyuzi kadhaa. Unachoweza ni kulinganisha vyumba vitatu vilivyojengwa sawa, na hilo lilinitosha. Nilitaka kujua kama mtu ana saruji kidogo, aiweke wapi.

Nilirudi Nyakatuntu na jibu. Bibi alikuwa akijengewa nyumba mpya, futi chache kutoka ile yenye ufa, mita 7 kwa 5. Wajukuu tulichanga mifuko minne ya saruji. Nilikuwa nimepiga hesabu kwenye daftari. Kuzunguka kuta za nje ni mita 24. Mkanda wa sentimita 15 kwa 15 ni kama nusu mita ya ujazo ya zege, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne unakula mifuko mitatu na nusu. Bibi alinisikiliza hadi mwisho.

"Na hiyo linta yako, wageni wataiona?"

"Hapana, Bibi. Itajificha chini ya bati."

"Mimi nilitaka lipu ya mbele, mjukuu wangu. Watu watakuja kunizika hapa. Wataona nini?"

Sikuwa na kipimo cha swali hilo. Mjomba ndiye aliyelijibu. Alisema atapiga lipu ya mbele kwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha ataipaka chokaa, na kila mwaka atairudia yeye mwenyewe bila malipo. Bibi akamuuliza mara mbili kama ameapa. Akasema ameapa. Saruji ikapanda juu, ikiwa na nondo zilizopindishwa kuvuka kila kona, na mimi nikashika koleo.

Nyumba ina miaka michache sasa, ina lipu nyeupe na haijapimwa na chochote zaidi ya mvua. Mjomba bado anajenga kule, na kila anapopata kazi anamweleza mwenye nyumba habari ya linta. Wengine wanakubali. Wengi wanapiga hesabu ya nondo na kukataa, na siwezi kuwalaumu. Akinipigia simu simuulizi, anajisemea mwenyewe. Aliyekubali, anasema, "Injinia, tumefunga mkanda." Aliyekataa, anasema, "Tumepanga matofali," kisha anauliza kama huko niliko mvua imenyesha.