Dada wa Magauni na Namba Zilizompaka Mafuta kwa Mgongo wa Chupa

Mjini siku hizi kila mtu ana namba za kuonyesha. Mwenye duka la mtandaoni anapiga skrinishoti ya wageni wa tovuti yake, anaitupia status, na pongezi zinamiminika: hongera bosi, unatisha, tuunganishe na sisi. Hakuna anayeuliza hao wageni walikuja kufanya nini.

Yupo dada mmoja wa Sinza, anauza magauni ya sherehe na abaya. Mtaji wake si wa mchezo: mama yake mzazi alikopa kwenye kikoba akampa, kwa makubaliano kwamba rejesho la kila mwezi lisichelewe. Mama akichelewesha, anaaibika mbele ya wenzake wa miaka mingi. Dada akatengeneza tovuti nzuri, halafu akamlipa staa mmoja mwenye jina amtangazie. Staa akaposti, wageni wakafurika, dada akawa haweki simu chini. Usiku wa manane yuko kwenye Google Analytics anaangalia walioingia sasa hivi.

Tatizo moja tu. Oda haziongezeki.

Meneja wa staa akapiga simu kwamba mkataba uendelee kwa mwezi wa pili. Dada alikuwa tayari kulipa, tena kwa pesa ya rejesho. Bahati nzuri siku hiyo alikuwepo binamu yake, kijana wa mambo ya kompyuta. Akachungulia ile ripoti, akacheka kwa upole.

"Dada, hizi namba zinakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Kijana hakuwa na nia mbaya. Google Analytics ni ya bure, na tangu Julai 2023, toleo la zamani lilipoacha kupokea data mpya, wengi wanatumia GA4. Ukishaiweka inaanza kuhesabu mambo ya kawaida yenyewe: ukurasa umefunguliwa, mtu ameshuka hadi asilimia 90 ya ukurasa, amebofya linki inayompeleka nje. Ziara ikipita sekunde 10, au mtu akifungua kurasa mbili, inahesabika kwamba mgeni alijishughulisha. Sekunde 10! Mtu anayetazama picha za magauni akisubiri mwendokasi naye yumo.

Mpangilio huo ni wa wote, wa gazeti na wa muuza matairi. Haujui kwamba kwa huyu dada mteja halipii kwenye tovuti. Mteja anachagua saizi, anabonyeza kitufe cha WhatsApp, wanaelewana bei ya boda, analipa kwa simu. Hatua hizo ndizo biashara yenyewe, na ripoti ilikuwa haizioni vizuri. Iliona mtu katoka kwenda WhatsApp, basi. Kwa gauni lipi, saizi ipi, haijui.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatoa watu wa ndani. Dada, wasichana wake wawili wa dukani na mama yake walikuwa wanaingia mara nyingi kila siku, na wote wanahesabiwa kama wageni. GA4 ina chujio la kuwaondoa watu wa ndani kwa kutambua intaneti ya ofisi, lakini hawa wanatumia bando za simu na anwani zao zinabadilika. Kijana akawatengenezea linki maalumu ya kufungua mara moja, simu zao zikajulikana kuwa za ndani. Akaliacha chujio kwenye majaribio kwanza, maana likishawashwa kweli, data iliyochujwa hairudi tena.

Kazi ya pili, matukio yake mwenyewe. Akaongeza matatu tu: mtu kafungua jedwali la saizi, kachagua saizi, kabonyeza WhatsApp. Kila tukio likabeba jina la gauni na saizi. Halafu akayasajili hayo maelezo ndani ya GA4 ili yaonekane kwenye ripoti. Hapo wengi wanateleza: usiposajili leo, ripoti za kesho hazitakuonyesha ya leo.

Kazi ya tatu, linki. Mtu akitokea WhatsApp, mara nyingi ripoti inasema amekuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani kwa mkono. Kwa hiyo kila linki ikapewa alama yake ya utm: ya staa, ya bio ya Instagram, ya magrupu ya WhatsApp. Zote kwa herufi ndogo, kwa sababu Instagram na instagram zinahesabika kama sehemu mbili tofauti.

Katikati ya kazi dada akaomba kitu kingine, kwa sauti ya chini. Kuna mgeni wa Arusha anaingia usiku kila siku. Ex wake anaishi Arusha. Je, haiwezekani kujua ni simu ya nani? Au waweke sehemu ya kujaza namba, halafu namba iingie kwenye ripoti?

"Hapana, dada. Hapo sikusaidii."

Akamweleza kwamba mji unaoonekana ni makadirio, unaweza hata kukosewa. Pia masharti ya Google yanakataza kuingiza humo jina, barua pepe au namba ya simu ya mtu. Na Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Anayetazama gauni usiku hajakupa ruhusa ya kumfuata hadi kitandani. Dada akanuna kidogo, akaacha.

Meneja akaambiwa asubiri wiki tatu. Majibu yalipokuja yaliuma. Wageni wa staa walikuwa wengi kuliko wote, wanaperuzi picha, wanaondoka. Walioshika kitufe cha WhatsApp ni wa kuhesabu kwa vidole. Waliotoka kwenye grupu la kikoba cha mama, wachache mno, walifungua jedwali la saizi, wakarudi, wakachagua tena. Na saizi walizokuwa wakibonyeza zaidi ni 2XL na 3XL. Dada alikuwa hana. Mzigo wake wote ni wa wasichana wembamba, kama wale wa kwenye picha za staa.

Wakafungua na daftari la oda, kwa sababu kubonyeza siyo kununua. Daftari likasema hayohayo.

Mkataba wa pili haukusainiwa. Staa alimwondoa kwenye anaowafuata, na kuna maneno yakasemwa live ambayo kila mtu alijua yanamlenga nani. Iliuma, maana watu wa karibu walicheka. Rejesho la mwezi lililipwa kwa wakati. Faida iliyobaki ilikwenda Kariakoo kuchukua magauni ya saizi kubwa, machache kwanza. Yameanza kutoka taratibu. Hajatajirika, na wageni wa tovuti wamepungua kiasi kwamba hana tena skrinishoti ya kuringia.

Ila mama yake, ambaye hajui GA4 ni mdudu gani, alisema kitu alipoona ule mzigo mpya: "Sasa ndiyo umetukumbuka na sisi."

Haya wadau wenye maduka mtandaoni, asubuhi mkiamka mnaangalia namba gani kwanza: ya walioingia, au ya walioulizia saizi? Na huyu dada alikosea kumkatalia staa, au mngefanya hivyohivyo? Dondosheni hapo chini.