Swali la Mtoto na Mlima wa Moto

Nataka kukusimulieni kosa langu, huenda likamfaa mzazi au mwalimu mwengine.

Nilikuwa nikiwasomesha watoto wa darasa la sita habari za volkano. Niliwaeleza kwamba chini ya ardhi mna mawe yaliyoyeyuka kwa joto, na gesi zilizobanwa ndani yake zikipata upenyo husukuma kila kitu juu. Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, wale wanaokufa huwa wamefanya nini?" Nami bila ya kufikiri nikamjibu: "Wameadhibiwa kwa maovu yao."

Kengele ilipolia, binti mmoja alinijia, macho chini. "Mwalimu, bibi yangu alikuwa Ngazidja mwaka 2005 ulipolipuka mlima Karthala. Majivu yaliingia mabirikani, watu wakakosa maji ya kunywa. Bibi hakosi sala. Yeye kafanya ovu gani?"

Sikuwa na jawabu. Usiku ule nilijiuliza: nani kanipa mimi daftari la Mwenyezi Mungu nisome madhambi ya watu?

Kesho yake niliwataka radhi watoto wote, kisha nikawapa visa viwili. Mlima Nevado del Ruiz, huko Kolombia, ulilipuka usiku wa tarehe 13 Novemba 1985. Barafu ya kileleni ikayeyuka, tope likashuka mabondeni, na baada ya zaidi ya saa mbili likaufunika mji wa Armero. Walikufa watu zaidi ya 20,000, ingawa ramani ya hatari ilikuwa imekwisha chorwa. Mlima Pinatubo, huko Ufilipino, ulilipuka kwa nguvu kubwa zaidi Juni 1991. Mamia walikufa, lakini wataalamu walikuwa wameonya, watu wakahamishwa kwa maelfu, na wengi mno wakasalimika.

Je, watu wa Armero walikuwa waovu kuliko wa Pinatubo? Hasha! Tofauti ni onyo lililofika na kufuatwa. Mtume wetu (S.A.W.) alimfunza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo atawakali.

Basi wazazi wenzangu, mtoto akituuliza juu ya msiba wa wengine, tumfunze kwanza kuwahurumia, kisha kujihadhari. Hukumu tumwachie Mwenyewe.

Wiki ile yule binti aliniletea salamu za bibi yake. Nilizipokea kwa haya na shukrani.

Wabillahi tawfiq.