Warithi wa Maneno

Wahenga walisema kufa kufaana. Mtu akifa, walio hai hukaa kikao wakahesabu alichoacha: shamba hili, nyumba ile, mbuzi kadha wa kadha, na deni kama lipo. Huchaguliwa msimamizi wa mirathi, na hata ndugu wakigombana, ugomvi wenyewe ni ushahidi kwamba mali ya marehemu ina thamani machoni pao. Ni nadra sana shamba la minazi kupotea kwa kukosa wa kulidai.

Lakini mtu aliyeacha maneno je? Mtunzi wa mashairi, mwandishi wa hadithi, manju wa ngoma, bingwa wa masimulizi ya kale, wote hao nao huacha mali. Siku ya mazishi yao husemwa mengi: kwamba pengo lao halitazibika, kwamba taa imezimika. Kisha watu hukung'uta vumbi la makaburini wakarudi makwao, na maneno ya marehemu yakabaki katika sanduku chini ya kitanda, au katika vichwa vya wazee wachache, pasipo msimamizi wala mrithi. Katika makala hii twapenda kuutazama urithi wa namna hiyo, na kuuliza ule uliotufikia ulitufikiaje.

Wako watakaotujibu kwamba kazi bora haifi, na kwamba chenye thamani hujitetea chenyewe. Jibu hilo ni tamu kuliko lilivyo kweli. Kazi zilizokufa hatuzijui, kwa hiyo haziwezi kusimama mbele yetu kutoa ushahidi. Na zile tunazozijua, tukiifuata njia zilimopitia, tutakuta mahali fulani katika njia hiyo mkono wa mtu mwingine ambaye si mtunzi: binti, mdogo wa marehemu, mwalimu wa chuo, mwandishi wa nakala. Mkono huo ungalilegea, nasi leo tungalikuwa maskini bila kujua kwamba tu maskini.

Tuanze na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyu aliishi tangu karibu mwaka 1776 hata karibu mwaka 1840, zama ambazo Wamazrui wa Mombasa walikuwa wakishindana na Seyyid Said juu ya utawala wa mji ule. Muyaka aliutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake akauleta barazani na sokoni. Alitunga juu ya vita na siasa, juu ya mapenzi, juu ya njaa na shibe, juu ya marafiki wasioaminika. Mashairi yake yalikaa katika ndimi za watu, na ndimi za watu hufa pamoja na wenyewe. Zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo chake alitokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa vile vile, ambaye aliyakusanya mashairi hayo kutoka katika kumbukumbu za wazee na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekijua Kiswahili sana. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilichapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, yaani karne moja baada ya mtunzi kuzikwa.

Na tuitazame njia hiyo kwa makini. Shairi lilitungwa Mombasa, likahifadhiwa na wazee wa Mombasa, likaandikwa na mwalimu wa Mombasa, kisha likachapwa Afrika Kusini; na hati zenyewe alizoziacha Taylor zimehifadhiwa London. Hatusemi hayo kwa kuwalaumu waliozihifadhi, maana bila wao pengine tusingekuwa na cha kusoma. Mgala muue na haki yake umpe. Lakini mwanafunzi wa leo alijuaye jina la Muyaka na asilijue jina la Sikujua ameijua nusu tu ya habari. Muyaka alitunga, Sikujua akaokoa.

Kaskazini zaidi, katika visiwa vya Lamu, yuko Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mumewe amekwisha kufariki, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa kumwusia. Alifariki karibu mwaka 1860. Hakuandika kwa ajili ya wachapaji, wala hakujua kwamba kutakuwa na shule za sekondari ambamo vijana wa kike na wa kiume watayasoma maneno aliyomwambia mwanawe karibu na kitanda cha ugonjwa. Utenzi ule ulidumu kwa sababu wanawake wa pwani waliuhifadhi kwa moyo, na kwa sababu waandishi wa nakala walikuwako. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mmoja wa waandishi hao, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi ambazo leo zingekuwa zimeliwa na mchwa.

Hapa yatupasa kusema jambo moja ambalo walimu wenzetu watalifahamu. Kila tulipousoma utenzi huo darasani, wanafunzi wa kike waliinua mikono. Waliuliza kwa nini mke awekewe masharti yote yale ya kumtii na kumridhisha mume, na mume asiwekewe hata moja. Wako walimu waliodhani kwamba maswali hayo ni utovu wa adabu kwa marehemu. Sisi hatukudhani hivyo. Kumrithi mtu si kukubali kila neno lake. Hata mwenye kurithi shamba hung'oa mibuni mikuukuu akapanda mipya, lakini hawezi kufanya hivyo mpaka kwanza alijue shamba na mipaka yake. Binti anayebishana na Mwana Kupona baada ya zaidi ya miaka mia moja na hamsini amempa heshima kubwa kuliko yule anayemsifu pasipo kumsoma. Tena akiusoma mpaka mwisho ataona pia mama aliyejua kutunga, aliyejua dini yake, na aliyeamini kwamba binti anastahili kuachiwa urithi wa elimu.

Sasa tuje Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, katika nyumba ya watu maskini, na ujana wake alikuwa akiuza vyungu mjini. Hakupata elimu ya shule. Alidharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake, naye akazijibu dharau hizo kwa wimbo. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, aliiimba kwa Kiswahili ili ifahamike kwa wapagazi na wauza samaki. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hata Bombay, India, wakaimba katika santuri. Baadhi ya nyimbo zake zilikuwa kama kumbukumbu za mahakama ya watu. Wimbo wa Kijiti wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji akavuka bahari akatoroka, na walioadhibiwa ni mashahidi. Siti alifariki mwaka 1950.

Ni nani aliyesimamia mirathi ya Siti? Santuri zilihifadhi sauti. Lakini maisha yake, yaani ule mwendo mrefu kutoka vyungu vya Fumba hata santuri za Bombay, yaliandikwa na mtu wa Tanga, Shaaban Robert. Wasifu wa Siti binti Saad ulitolewa kwanza mwaka 1958, na tangu hapo umesomwa na vizazi vya wanafunzi. Mwandishi mkubwa angaliweza kuona kwamba kuandika habari za mwimbaji ni kushusha kalamu yake. Shaaban Robert hakuona hivyo. Alijua kwamba mwenye kalamu ana deni kwa asiye nayo.

Naye Shaaban Robert akafa. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, Januari 1, 1909. Akatumika katika serikali ya kikoloni kama karani kwa zaidi ya miaka thelathini, katika idara ya forodha, ya wanyama, na ya upimaji, na vitabu vyake aliviandika katika saa alizobakiza baada ya kazi. Alifariki Juni 1962. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru miezi sita tu iliyopita. Desemba 10 ya mwaka ule ule, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge akaeleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa, akaunda wizara ya kuushughulikia. Mtu ambaye labda angaliifurahia hotuba hiyo kuliko wote alikuwa amelala kaburini.

Vitabu vingapi alikwenda bila kuviona! Kufikirika, alichokiandika mwaka 1946, kilichapishwa mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulitoka mwaka huo huo, na Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968. Wasomaji wengi hudhani kwamba vitabu hivyo viliondoka mezani pa mwandishi vikaenda moja kwa moja dukani. La hasha. Kwa miaka kadhaa vilikuwa karatasi tu, na karatasi haina mlinzi ila mtu anayeijali. Zaidi ya hayo, Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo, za tangu mwaka 1931 hata 1958, ndugu yule alizitunza, nazo zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Ebu tufikiri: barua ya kwanza ilikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja ilipofika mikononi mwa msomaji. Ni nyumba ngapi za kuhama, masika mangapi, panya wangapi, ambao barua zile zilinusurika nao? Yusuf Ulenge hakuhitaji kuwa malenga ili afanye kazi hiyo. Alihitaji kuwa ndugu mwaminifu.

Jambo hilo si la pwani peke yake. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa katika Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1917, aliandika historia na mila za watu wake, akatunga mashairi ya Kiswahili yaliyoshindana na ya wenyeji wa mwambao, akawa kiongozi katika chama cha washairi, UKUTA. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze Azimio la Arusha kwa sanaa yao, na ngonjera za Mnyampala zilikuwa miongoni mwa majibu ya wito huo. Alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Tangu wakati ule sijui ni sherehe gani ya shule isiyokuwa na ngonjera, na watoto wanaosimama mistari miwili wakajibizana hawajui kwamba wamo ndani ya mirathi ya mtu wa Ihumwa.

Hao wote walipata wasimamizi. Katika wilaya tuliyofundisha miaka mingi alikuwako malenga mmoja ambaye hakumpata. Alitunga kwa ajili ya harusi, kwa ajili ya mikutano ya chama cha ushirika, na wakati wa ukame alitunga juu ya ukame. Watu walimjua kata tatu kwa mbali. Alipofariki, madaftari yake yaliuzwa kwa uzito pamoja na magazeti ya zamani. Haukupita mwezi tukanunua karanga kituo cha basi, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na mwandiko tuliokuwa tukiujua. Palikuwa na beti moja kamili na nusu ya pili. Ule mshororo wa mwisho, uitwao kituo, ulikuwa umechanika. Tulimwuliza muuza karanga kuhusu karatasi nyingine. Akatuonyesha maganda yaliyotapakaa chini. Hatumlaumu. Alinunua karatasi, hakununua mashairi. Ubeti ule tunao hata leo, na hatujui malenga alikuwa akiufikisha wapi.

Kwa hiyo tunawaambia walimu na wanafunzi: msingoje mtu awe mashuhuri nchi nzima ndipo mumwandike. Katika kila kata yuko mzee anayejua asili ya majina ya vilima, yuko bibi anayejua nyimbo za kutwanga, yuko mtu mwenye daftari. Mwendeeni kwa adabu, kwa idhini yake na ya jamaa zake. Andikeni maneno kama ayasemavyo, msiyasafishe yafanane na ya kitabuni. Andikeni tarehe, mahali, na jina la msemaji na la mwandishi. Simu za mkononi za siku hizi hunasa sauti pia, lakini simu huibwa na kuharibika, basi pawe na nakala mbili zaidi: moja irudi kwa wenyewe, moja ikae katika maktaba ya shule. Tena andikeni pamoja na sifa zake yale ambayo hamkubaliani naye, maana marehemu aliyesafishwa mno hafundishi mtu.

Kazi hiyo haitamletea mwanafunzi jina. Ni wangapi kati yetu walimjua Sikujua bin Abdallah kabla ya kuisoma makala hii? Lakini siku mwana wa mwana wetu atakapotaka kujua watu wa kwao walisema nini juu ya njaa, juu ya mapenzi na juu ya haki, swali lake la kwanza halitakuwa nani alitunga. Atauliza kama pana mahali palipoandikwa.