Taa Imekwenda Wapi?

Jamani, Kiingereza tulichofanyia mtihani ili tupate viza na Kiingereza cha nyumba ya kupanga ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza kinakuwezesha kuandika kurasa kumi juu ya sera ya nishati. Cha pili ndicho kinachokupatia maji ya moto ya kuogea, na hicho hatukufundishwa na mtu.

Chukueni umeme, maana hapo wengi tunajiona tumeshiba. Kiswahili chenyewe kimejaa: swichi, soketi, plagi, waya, mita, fyuzi, balbu. Hata plagi ya hapa Uingereza, ile ya pini tatu bapa, ndiyo hiyohiyo ya Dar na Nairobi. Mtu anaona kazi imekwisha. Kumbe tuliazima majina tu, vitenzi tukawaachia wenyewe.

Desemba 2022, baridi ya kuganda, nyumba yetu hapa Leeds ikaingia giza saa tatu usiku. Tunaishi wanne. Watatu tulikuwa kazini zamu ya usiku, simu zimefungiwa kwenye makabati. Aliyebaki ni kijana wetu kutoka Morogoro, ana wiki mbili tu nchini, na simu yake ina chaji ya kubahatisha. Akampigia mwenye nyumba. Mzee akauliza swali moja: "Has it tripped, or have you run out?" Kijana anajua "trip" ni safari na "run" ni kukimbia. Sasa nani kasafiri, nani kakimbia? Kabla hajajibu, simu ikazimika.

Asubuhi tulimkuta amevaa makoti mawili na kofia, kajikunja kwenye kochi. Kumbe ni kijiti kimoja tu kilikuwa kimeanguka kwenye boksi chini ya ngazi. Kukipandisha ni sekunde moja.

Kwa hiyo shikeni haya. "It's tripped" maana yake swichi ya usalama imejikata yenyewe, ama kwa vitu vingi kuwashwa pamoja, ama kwa kifaa kibovu. Birika la wati 3,000 peke yake linakula karibu ampea 13, mwisho wa uwezo wa plagi moja; ongeza hita na jiko, utaona. Ukipandisha kijiti kikaanguka tena, usishindane nacho. Chomoa vitu vyote, mwite mwenye nyumba. Boksi hilo wenyeji wanaliita "fuse box" hata kama ndani hamna fyuzi hata moja.

"Run out" ni salio la mita limekwisha, yaani Luku imeisha. Dawa yake ni "top up", na usiku ukikwama ulizia "emergency credit", mkopo mdogo wa mita ambao utakatwa ukiongeza pesa. "Power cut" ni mtaa mzima. Chungulia dirishani kama jirani ana taa. Sisi tuliopitia mgao wa 2006 hilo hatuhitaji kuelezwa.

Halafu kuna "the bulb's gone". Imekwenda wapi? Haijaenda popote, imeungua. Fyuzi nayo ikiungua wanasema "blown", kana kwamba imepeperushwa na upepo. Msicheke sana, na sisi umeme wetu unakatika kama kamba. Plagi za hapa zina kifyuzi kidogo ndani, basi kabla ya kutupa redio, badilisha hicho kwanza, chenye ampea zilezile.

Na mtu akikwambia "put the kettle on", hakuulizi habari za umeme. Anataka chai.

Kijana aliyaandika maneno yote haya kwa kalamu nyekundu, Kiingereza upande huu, Kiswahili upande ule, akabandika karatasi pembeni ya boksi. Nimetoa nakala kadhaa kwa ajili ya wageni wa Septemba. Anayehitaji aniulize kwenye mkutano wa chama, ila aje na tochi, taa ya ukumbini nayo "it's gone" tangu wiki iliyopita.